Aleksandria ya Koboko

Wewe uliyeniazima sikio, kaa vizuri. Nataka kukueleza habari za mtu niliyemdharau kwa miaka mingi, na ili unielewe itanibidi nianze na mji ambao yeye hakuwahi kuuona, wala mimi sijauona. Usiwe na wasiwasi. Nimefundisha darasa la nne karibu maisha yangu yote ya kazi, na najua kwamba jambo lolote likielezwa polepole linaingia. Ukipotea njiani, kosa ni langu.

Zamani sana, katika pwani ya Misri, pale Mto Nili unapofika baharini, palikuwa na mji mkubwa ulioitwa Aleksandria. Ulijengwa na Wayunani, baadaye ukatawaliwa na Warumi. Ndani yake waliishi Wayahudi wengi, baba na babu na watoto, ambao nyumbani walizungumza Kiyunani cha mji. Hebu fikiria Mlugbara na Mkakwa wanaokutana sokoni kwetu: kila mmoja ana lugha ya mama yake, lakini biashara wanaifanya kwa kile Kiswahili chetu kilichotoka kambini kwa wanajeshi. Ndivyo walivyokuwa. Walikuwa na baraza lao la wazee, na wasomi wao waliosoma Torati asubuhi na falsafa za Wayunani jioni. Inasimuliwa pia kwamba walikuwa na jumba la sala lisilo na mfano.

Yote hayo niliyapata kwa mtu huyo. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Tulimwita Msomaji. Katika makanisa yetu madogo, msomaji ni mtu asiye mchungaji anayeongoza ibada pale ambapo mchungaji hafiki mara kwa mara. Wetu aliongoza ibada Koboko, mji wetu mdogo karibu na mpaka wa Sudani na Zaire, katika kanisa la matofali linaloelekea sokoni, na Jumamosi alipanda lori kwenda Arua kufundisha kile alichokiita Shule ya Aleksandria, katika chumba cha kuazima kando ya barabara ya Pajulu. Alikozaliwa na watu wake sitakueleza, kwa kuwa mwenyewe hakupenda watu wajue. Ukimuuliza kwao alijibu, "Msomi kwao ni kitabuni." Basi nimemwacha huko huko kitabuni.

Kitabu chenyewe kilikuwa kinene, kisicho na jalada, alichokipata katika chuo cha dini huko Kenya. Aliondoka chuoni mapema, kwa maelezo yake, kwa sababu walimu walikuwa hawamwezi. Alirudi na kitabu, na Kiswahili sanifu alichokitumia kama fimbo ya kutuchapia, na tabia ya kusema "sisi wa Aleksandria". Ukimpa chai kwenye kikombe cha bati alikitazama na kusema, "Sisi wa Aleksandria tulinywea kwenye vyombo vya kioo." Mto Enyau, ambamo wanawake hufua nguo, aliuita Mfereji. Kilima cha Arua, ambacho mbuzi hupanda na kushuka wapendavyo, alikiita Mnara, kwa kuwa katika mji wake ule kulikuwa na mnara wa taa ulioongoza meli. Nilimuuliza mara moja ni meli zipi zitakazoongozwa na kilima chetu. Alinihurumia kwa macho.

Inasimuliwa kwamba wazee wa baraza la Wayahudi wa Aleksandria walikuwa na viti vya dhahabu. Msomaji naye akataka kiti cha dhahabu. Alikichukua kiti cha kawaida cha mbao za mninga, akakipaka rangi ya njano iliyobaki shuleni baada ya kupaka kibao cha barabarani. Rangi ile ilikuwa mbovu. Kila mvua zilipoanza ililainika, na Msomaji aliposimama kuhubiri tuliona mistari miwili ya njano mgongoni mwa kanzu yake nyeupe. Hakuna aliyemwambia. Mama Candiru, mkuu wa mafundi wa cherehani, aliwahi kuninong'oneza kanisani, "Madam, angalia. Muzee wa dhahabu nachujuka." Nilicheka mpaka nikajifanya nakohoa.

Nisije nikakudanganya kwamba hakujua kitu. Alijua. Alipoeleza jinsi Torati ilivyotafsiriwa kutoka Kiebrania kwenda Kiyunani, tulisogeza viti mbele. Simulizi ni kwamba mfalme wa Misri aliwaita wazee sabini na wawili kutoka Yerusalemu, akawapeleka kisiwani karibu na mji, mbali na makelele, na huko wakaifanya kazi hiyo. Wengine wanasimulia kwamba kila mmoja alifungiwa chumba chake, na walipotoka maneno yao yalilingana yote. Wayahudi wa Aleksandria walifurahi hata wakawa wanakwenda kisiwani kila mwaka kula na kushukuru, pamoja na majirani zao wasio Wayahudi. Msomaji aliposimulia karamu ile sauti yake ilishuka, ungedhani aliwahi kukaa ufukweni pale na sahani magotini.

Kisha, kama kawaida yake, akaharibu. Alitaka na sisi tutafsiri zaburi moja kwenda Kilugbara kwa njia hiyo hiyo. Aliwachagua wanafunzi sita wa shule yake ya Jumamosi, nami nikiwa mmoja wao, akatugawa katika vibanda vya shule moja huko Manibe, kila mtu peke yake, mlango umefungwa kwa nje. Tulitoka jioni tuna zaburi tano, hakuna mbili zilizolingana. Mmoja alifanya mchungaji wa kondoo kuwa mchungaji wa ng'ombe, kwa sababu, alisema, kondoo hawana heshima kwetu. Mwingine hakuandika chochote, alikuwa amelala. Msomaji alisoma zote, akakunja uso, akasema Roho hakushuka kwa sababu kuna mmoja wetu aliyekula vitunguu. Halafu akatoa mfukoni tafsiri yake mwenyewe, aliyoiandika wiki iliyopita, akasema hiyo ndiyo itakayotumika.

Alikuwa na msemo: "Utaratibu kwanza, huruma itafuata." Aliurudia sana. Miaka yote niliyomjua nilikuwa naitazamia hiyo huruma ifike.

Sasa nikueleze juu ya bendera, maana bila bendera hutaelewa yaliyotokea.

Jumba lile la sala la Aleksandria, husimuliwa, lilikuwa kubwa kiasi kwamba aliyekaa mwisho hakuweza kumsikia anayeomba mbele. Kwa hiyo mtu mmoja alisimama kwenye jukwaa katikati na kitambaa mkononi. Sala ilipofika mwisho alipunga kitambaa, na watu wote, hata wasiosikia neno, walijua wakati wa kuitikia Amina. Ni jambo la akili na la upendo: hakuna aliyeachwa nje ya sala kwa sababu ya kukaa mbali.

Kanisa letu la Koboko lilikuwa dogo hata ukikaa nyuma ulimsikia Msomaji akimeza mate. Lakini alitaka kitambaa. Akampa kazi hiyo mzee tuliyemwita Afande, aliyekuwa mtu wa redio katika jeshi la zamani kabla serikali ya wanajeshi haijaanguka mwaka 1979. Afande alisimama katikati na shuka nyekundu iliyofungwa kwenye fito. Ikipanda, tunasema Amina. Isipopanda, hata Msomaji amalize sala na kukaa, tunabaki kimya. Watoto waliipenda sana.

Msomaji akaongeza sheria ya kwake: Amina ikishatoka hairudi. Jambo lolote lililosemwa kabla ya bendera, watu wakiitikia, limefungwa. Alidai ndivyo ilivyokuwa Aleksandria. Baadaye nilimuuliza mchungaji aliyesoma sana, akaniambia hajawahi kukutana na sheria kama hiyo popote. Lakini sisi tuliishika, kwa sababu tulikuwa watu wa kushika tulichoambiwa.

Jumapili moja Mama Candiru alisimama kutoa nadhiri. Mtoto wake alikuwa na homa. Akasema, "Mungu, mutoto yangu akipona, mimi natoa ile mbuzi yangu nyeupe..." Alikuwa anataka kuendelea, mwakani, ikishazaa, maana ilikuwa na mimba na kila mtu alijua. Lakini wakati huo nyigu alimvamia Afande usoni, naye akampiga kwa alichokuwa nacho mkononi. Bendera ikapanda. Kanisa zima: Amina.

"Ngoja," akasema Mama Candiru. "Mimi bado."

"Mama, bendera imepanda," Msomaji akamwambia.

"Afande alikuwa napiga nyigu."

"Amina ikishatoka hairudi."

Mtoto alipona. Mbuzi akaenda, na mimba yake. Alhamisi ile Msomaji alikuwa na wageni kutoka Arua, na supu ilinukia mpaka sokoni.

Kilichobaki ni mabenchi. Hapa nisikilize kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo dharau yangu ilipoota mizizi.

Katika jumba lile la Aleksandria watu hawakukaa ovyo. Wafua dhahabu walikaa pamoja, wafua fedha pamoja, wahunzi pamoja, wafumaji pamoja. Kwa nini? Msomaji mwenyewe alitueleza, na alieleza vizuri. Mgeni maskini akiingia mjini, hana ndugu, hajui njia, alikwenda kwenye jumba la sala. Akatazama. Akawaona watu wa kazi yake, akaenda kukaa kwao. Wao wakamtambua, wakampa kazi, na kutoka kwao akapata riziki ya watoto wake. Benchi lilikuwa mlango wa kuingilia mjini.

Msomaji akayapanga mabenchi yetu vivyo hivyo. Mafundi wa cherehani mbele kushoto, mafundi baiskeli nyuma yao, wauza unga na samaki wakavu kulia, wanajeshi wastaafu karibu na dirisha, walimu karibu na mimbari. Ilipendeza. Halafu akaweka benchi moja refu nyuma kabisa, kando ya mlango, akaliita benchi la wageni. Mgeni yeyote alikaa hapo mpaka yeye Msomaji aseme vingine.

Aleksandria haikuwa na benchi la wageni. Hilo alilibuni yeye. Alichukua nyumba iliyojengwa ili mgeni aingie, akaweka kiti cha kumzuia mlangoni.

Na alijua ugeni ni nini. Ulipofika mwaka 1980 na askari wa serikali mpya wakaja kulipiza kisasi kwetu, kwa kuwa mtawala aliyeangushwa alikuwa mtu wa kwetu, sote tulivuka mpaka. Mimi nilikuwa Ariwara, upande wa Zaire, na yeye alikuwa hapo hapo. Mshona viatu mmoja wa Kikongo alimpa nafasi kibarazani mwake, mkeka na blanketi. "Iko mutu wa Mungu," yule mshona viatu aliniambia, "lakini hawezi hata kushika sindano." Alimlisha kwa miezi mingi. Tuliporudi nyumbani Msomaji hakulitaja jina la Ariwara tena. Miaka ile katika mahubiri yake iliitwa "kipindi cha utafiti".

Kulikuwa na sehemu nyingine ya kitabu chake ambayo hakuisoma kwa sauti. Wayahudi wa Aleksandria hawakuishi kwa amani siku zote. Ulifika wakati majirani wakawageuka, gavana akatazama pembeni, nyumba na maduka yao yakavunjwa, na watu wakasukumwa wote katika mtaa mmoja mpaka wengine wakalala ufukweni na makaburini. Wazee wao wakatuma wajumbe hadi Roma kuomba haki. Mwanafunzi mmoja pale Arua, kijana kutoka kijiji cha Ajia ambaye nyumba ya baba yake ilichomwa, aliikuta sehemu hiyo siku kitabu kilipoachwa wazi mezani, akauliza, "Msomaji, hawa walikimbia kama sisi?"

"Hiyo ni siasa," Msomaji akajibu, akafunga kitabu.

Alikuwa amekaa mbele ya watu waliolala porini na watoto mgongoni, watu ambao wangeielewa sehemu hiyo kuliko msomi yeyote wa Ulaya, na yeye akawafundisha habari za vyombo vya kioo. Nimewasamehe walevi na wezi wa kuku. Hili limenishinda.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini Wasudani wakaanza kuja kwetu, kwa njia zile zile walizopita wengi wetu kwenda kwao. Vita vilikuwa vimefika Yei, mji wa upande wao wa mpaka. Benchi la wageni likajaa, watu wakasimama mpaka nje. Mmoja wao alikuwa mwanamume mrefu, mpole, anaitwa Lado, fundi wa cherehani. Alikuwa ametembea kutoka Yei na mke na watoto, na kichwani amebeba kichwa cha mashine yake ya kushonea kimefungwa kwenye blanketi. Miguu ya mashine aliiacha. "Miguu unapata mahali yote," aliniambia. "Kichwa hapana."

Sasa uelewe shida yake. Malori yalikuwa yanawakusanya wakimbizi mjini na kuwapeleka kwenye makambi ya mashambani. Aliyekuwa na mwenyeji na kazi inayoeleweka aliweza kuachwa. Na kazi ya Lado ilikuwa na mahali pamoja tu: kibaraza cha kanisa, kile kinachoelekea sokoni, ambapo mafundi wote wa Koboko waliweka mashine zao. Kibaraza ni cha kanisa. Hakuna aliyeweka mashine pale bila kusimamishwa mbele ya watu na kuitikiwa Amina.

"Kambini nitashona nini, Madam?" Lado aliniuliza. "Watu kule iko na gunia tu. Gunia nashona mara moja, imeisha. Mashine yangu itakula kutu."

Nilikwenda kwa Msomaji kumwombea. Mama Candiru naye alikwenda, akasema mafundi wako tayari kusogea.

"Utaratibu kwanza," alisema. "Wageni wana benchi lao."

Jumapili kabla ya lori, Lado alikuja kanisani na familia yake, mashine kwenye blanketi miguuni pake, kwa sababu hakuwa na mahali pa kuiacha. Na je, Msomaji alihubiri nini siku ile? Alihubiri mabenchi ya Aleksandria. Naapa kwamba hakuona kitu. Mtu aliyependa habari ya mgeni kukaribishwa kuliko habari zote za duniani aliisimulia mbele ya mgeni ambaye kesho angepakiwa kwenye lori kwa uamuzi wake, na wala kope haikutikisika.

Alisimulia vizuri kuliko siku zote. Wafua dhahabu, wafua fedha. Mgeni akiingia na vumbi la njia, anasimama mlangoni, anatazama huku na huku.

Lado akasimama.

Sidhani alikusudia ukorofi. Nadhani alifikiri anaambiwa. Alinyanyua blanketi lake, akapita katikati ya kanisa, mke wake akimshika shati ili arudi, akafika mbele kushoto kwenye benchi la mafundi, akasimama hapo. Mama Candiru akasogea. Wote wakasogea. Lado akaketi, akaweka mashine magotini.

Msomaji alikuwa amefumba macho, akielea kwenye mji wake. "Akakaa na mafundi wenzake," alikuwa anasema, "na tangu siku hiyo mahali pale pakawa pake, na hakuna aliyemwondoa."

Afande akapandisha bendera.

"Amina," tukasema. Nakuambia, haijapata kusemwa kwa nguvu vile.

Msomaji akafumbua macho. Akaona bendera, akaona benchi. "Afande, bado. Ninahubiri. Hii si sala."

"Imepanda, Mwalimu."

"Ishushe."

"Kushuka itashuka. Lakini watu imesema."

"Nani alikuambia upandishe?"

"Mimi ni mutu ya redio," Afande akasema, mtulivu kama anaongea na makao makuu. "Nikisikia ujumbe umefika, nasema umefika."

Msomaji akashuka hatua moja kutoka mimbarini. Mgongoni njano yake ilionekana. Akamwambia Lado, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, arudi mahali pa wageni, mambo yatazungumzwa kwa utaratibu. Lado akaanza kunyanyuka. Mama Candiru akamshika mkono wa shati.

"Msomaji," akasema, "mbuzi yangu ilirudi?"

"Mama, hilo ni jambo lingine."

"Nauliza tu. Ile nyeupe. Ile ya mimba. Mimi nilisema ngoja. Ilirudi?"

"Mama Candiru."

Kutoka benchi la mafundi baiskeli sauti ikasema, "Iko kwa tumbo, mama. Usingoje." Kanisa likacheka, hata wale waliosimama nje ambao hawakujua habari za mbuzi.

"Basi kama mbuzi yangu hairudi," akasema Mama Candiru, "na huyu hairudi."

Sheria ilikuwa ya Msomaji mwenyewe. Alirudi kwenye kiti cha dhahabu, akakaa, na ibada ikaishia hapo bila wimbo wa mwisho. Lori lilipokuja Koboko, Lado alikuwa kibarazani, kichwa cha mashine kimefungwa kwa waya juu ya meza ya kuazima, anashona kola za sare za shule. Walimuuliza mwenyeji wake ni nani. Mafundi wote wakainua mikono.

Ungetarajia mtu kama huyo aone haya, au angalau akasirike waziwazi. Jumapili iliyofuata bendera haikuwepo. Alisema utafiti mpya umeonyesha kwamba ilitumika kwenye sikukuu tu. Na haukupita muda, wageni wa kanisa walipofika kutoka Arua, alisimama kibarazani, akaweka mkono begani mwa Lado na kuwaambia, "Hapa Koboko tunafuata Aleksandria. Fundi huyu nilimweka mimi." Lado aliendelea kukanyaga mashine. Baadaye aliniuliza kitu ambacho nimekibeba mpaka leo. "Madam, na yeye kule, huyo Msomaji, kazi yake ni gani? Angekaa kwa benchi gani?"

Nilicheka, nikasema sijui.

Miaka kadhaa baadaye nilihamishiwa shule moja ya Arua. Nilisikia kwamba Koboko walipata mchungaji wa kudumu, na kwamba mchungaji huyo alipoona kiti cha njano alikitoa nje siku ile ile. Msomaji akapotea. Kisha, Jumapili moja ya mvua, katika kanisa kubwa tunaposali hapa mjini, nilimwona. Amezeeka, kanzu ile ile, viatu vinanyonya maji. Vijana wa mlangoni hawakumjua. Mmoja alimuuliza, "Muzee, wewe natoka wapi?" na kabla hajajibu akamwonyesha viti vya plastiki vilivyopangwa nje chini ya turubai, kwa waliochelewa na wasiojulikana. Akaenda akakaa. Matone yalikuwa yanampata bega moja.

Nilitoka nje. Nikuambie kweli, sikutoka kwa huruma. Nilitaka kumtazama.

"Madam," akasema, akakitoa kitabu kifuani ili nione bado anacho. "Unafundisha bado?"

"Bado. Na wewe?"

"Naandika. Historia ya Aleksandria kwa Kikakwa. Sura ya mwisho ni ya Koboko, jinsi nilivyompa yule Msudani mahali pake."

Alisema bila kupepesa macho. Hapo ndipo kinywa changu kilipouliza swali la Lado. "Msomaji, kule Aleksandria, wewe ungekaa benchi gani?"

"Na wazee. Kwenye viti vya dhahabu."

"Vikiwa vimejaa?"

Alitazama ndani ya kanisa, watu walivyobanana, wakavu. Alitazama viganja vyake, laini, visivyo na alama ya kazi yoyote. Nilidhani atatoa jibu la kitabuni.

"Basi ningesimama mlangoni," akasema.

Nikamshika mkono, nikamwingiza ndani. Kanisa lile halina mabenchi ya kazi, lakini sisi walimu tumezoea kukaa pamoja upande wa kushoto. Mwenzangu akasogea, akaniuliza kwa sauti ya chini huyu ni nani. Nikasema, "Mwalimu. Anajua habari za Wayahudi wa Aleksandria kuliko mtu yeyote utakayekutana naye. Mlikuwa mnatafuta wa kufundisha masomo ya jioni. Mwulizeni." Alikaa wima kama mtu aliyekuwa akingojewa, na kabla ibada haijaisha alikuwa ameshamsahihisha mwenzangu Kiswahili chake mara mbili. Sikumpenda zaidi kuliko nilivyompenda jana yake. Simpendi sasa. Lakini alikuwa amenifundisha jambo moja lililo kubwa kuliko yeye, na ningekuwa mjinga kulitupa kwa sababu ya mikono iliyonipa.

Nawe unaliweza, ni rahisi. Mara nyingine utakapokwenda kusali, tazama kando ya mlango. Ukimwona mgeni, usimuulize ametoka wapi. Muulize anafanya kazi gani, kisha mpeleke akakae na mtu anayefanya kazi hiyo.